Usonji: Mtu Aweza Kujipima Mwenyewe?

Limezuka swali ambalo miaka ishirini nyuma hapa pwani lisingeulizwa na mtu. Swali lenyewe ni hili: mtu mzima aliyejitazama, akasoma, akajilinganisha na yale ayaonayo kwenye simu yake, je, ana haki ya kusema "mimi nina usonji" kabla ya kupimwa na mtaalamu? Wapo vijana wetu, hasa walio vyuoni, wasemao ndiyo, tena kwa sauti. Wapo madaktari wasemao hapana, mtu hawi tabibu wa nafsi yake. Ama wazee, wao huuliza kwanza huo usonji ni kitu gani, na mimi naona hao ndio walioshika mwanzo wa njia, kwani wengi wabishanao juu ya jambo hili hawajaafikiana wabishania nini.

Usonji si ukichaa, wala si maradhi ya kuambukizana. Ni namna ubongo wa mtu ulivyokua tangu uchanga wake, na atakaa nao maisha yake yote. Mwenye usonji huona tabu kuyashika yale watu wayasemayo bila ya kuyatamka: jicho lililokonyezwa, mzaha, uso uliokunjwa kidogo. Hupenda mambo yake yaende kwa utaratibu ule ule, huzama katika jambo moja kwa bidii inayowashangaza wenziwe, na mara nyingi kelele, mwanga au nguo ya kukwaruza humsumbua kuliko imsumbuavyo mwingine. Baadhi yao hawasemi kabisa na huhitaji kusaidiwa siku zote. Baadhi ni walimu, wahasibu na mafundi. Makisio ya dunia nzima yamekuwa yakizunguka karibu na mtu 1 katika kila 100.

Sasa fikiri, msomaji, maisha ya mtu kama huyo katika mji wa Waswahili. Sisi ni watu wa mafumbo. Jirani hakwambii kwamba umemkosea. Huenda dukani akachagua leso yenye jina la kukujibu, akapita nayo mbele ya mlango wako. Mgeni akikaribishwa chakula hukataa mara mbili, na mwenyeji ajua kwamba kukataa huko si kukataa. Salamu zetu ni ndefu na zina daraja zake. Mtu asiyeyapata haya hewani kama wenziwe aweza kukaa miaka 40 akiitwa mkavu, mwenye kiburi, asiye na adabu, naye hajui amefanya nini. Ikiwa mtu huyo siku moja ameyaona maelezo ya usonji, akayakuta maisha yake yamepangwa hapo mstari kwa mstari, hatuhitaji cheti ndipo tumsadiki kwamba ameona kitu. Kuna kitu amekiona. Mabishano yetu ni juu ya jina la kitu hicho.

Kwa wanawake jambo hili ni zito zaidi. Kwa miaka mingi usonji ulihesabiwa kuwa ni wa wavulana, kwa sababu waliochunguzwa tangu mwanzo wengi wao walikuwa wavulana, na alama zilizoandikwa vitabuni zikawa ni zao. Msichana hujificha kwa kuwaiga wenziwe, achekapo mwenziwe naye hucheka, hata kama hajui kilichochekesha. Hapa kwetu ana sitara nyingine juu ya hiyo. Binti asiyemtazama mtu machoni, asiyesema ila akiulizwa, akaaye peke yake chumbani na daftari zake, hakuna amwonaye kuwa ana shida. Husifiwa kwa haya na utulivu, na akina mama humtaja kwenye mambo ya posa. Shida hutokea baada ya harusi, nyumba inapojaa mawifi na wageni, naye akawa akimbilia chooni kupumzisha masikio yake. Hapo zile sifa hugeuka: sasa ana maringo, sasa ana jini.

Wale wasemao kwamba mtaalamu peke yake ndiye wa kuaminiwa yafaa waikumbuke historia ya fani hii, kwani si yote ya kujivunia. Mwaka 1943 Leo Kanner, daktari wa Baltimore huko Marekani, alieleza habari za watoto 11, na kwa maandishi yake hayo usonji wa watoto ukaingia katika elimu ya utabibu. Humo humo alidokeza kwamba wengi wa wazazi wa watoto hao hawakuwa na moyo wa huba. Dokezo hilo likakua likawa balaa. Bruno Bettelheim wa Chicago, katika kitabu chake cha 1967, alishikilia kwamba mtoto hujifungia hivyo kwa sababu ya wazazi wake, mama hasa, na akina mama wengi wa Marekani na Ulaya wakabebeshwa lawama ya jambo wasilolifanya. Huyo hakuwa mganga wa kienyeji. Alikuwa mkuu wa shule ya watoto kama hao, mwenye jina kubwa.

Na ni nani waliousahihisha upotofu huo? Mmoja wao ni Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyefanya kazi katika jeshi la majini la Marekani, ambaye mwanawe mwenyewe alikuwa na usonji. Kitabu chake kilitoka 1964, hata kabla ya kile cha Bettelheim, nacho kilionyesha kwamba asili ya jambo iko katika mwili wa mtoto, si katika malezi. Mwingine ni Lorna Wing, daktari wa London, mama wa binti mwenye usonji. Yeye ndiye ambaye 1981 aliwafunulia wasomaji wa Kiingereza kazi aliyoiandika Hans Asperger wa Vienna mwaka 1944, na tangu hapo madaktari wakaanza kukubali kwamba mtu aweza kusema vizuri, akasoma, akafanya kazi, na bado akawa na usonji. Hawa wawili walikuwa wasomi, sikatai. Lakini walikijua kitu hiki kwa kula nacho na kulala nacho, na ujuzi huo wa nyumbani ndio uliowafanya wasikubali waliyoambiwa.

Tena mipaka yenyewe imesogezwa mara kadha. Hadi 2013 kitabu wanachokitumia madaktari wa akili wa Marekani kilikuwa na majina mbalimbali, na la Asperger likiwa mojawapo. Mwaka huo yote yakaunganishwa chini ya jina moja la usonji. Mtu aliyerudishwa nyumbani na daktari mwaka 1985 akiambiwa hana kitu, leo huenda angeambiwa anacho. Yeye hakubadilika.

Haya ni ya upande wa vijana, nami nimeyatoa kwa moyo mweupe. Lakini nao wana deni la kulilipa, nalo ni la hesabu.

Karatasi ya maswali inayopita sana mikononi mwa watu wanaojipima ni ile ya maswali 50 iliyotungwa Cambridge, Uingereza, na Simon Baron-Cohen na wenziwe mwaka 2001. Apataye 32 au zaidi huhesabiwa kuwa alama zake ziko juu. Katika uchunguzi wao wa kwanza, watu 80 katika kila 100 wenye usonji walifika 32, na katika watu wengine waliofikia hapo ni 2 tu katika kila 100. Ukisikia hivyo utasema kipimo hiki ni madhubuti kama mzani wa sonara. Haya, tupige hesabu. Chukua mji mdogo wa watu 10,000. Wenye usonji, kwa makisio tuliyoyataja, ni 100, na 80 kati yao watafika 32. Waliobaki ni 9,900. Wawili katika kila 100 yao ni 198. Basi waliofika 32 katika mji mzima ni watu 278, na katika hao, 198 hawana usonji hata chembe. Ni zaidi ya theluthi mbili. Hapana hila hapa. Ndivyo ilivyo kwa kila kipimo cha jambo lililo kwa watu wachache, na ndiyo sababu watungaji wenyewe hawakuitoa karatasi yao iwe hukumu.

Ni kweli kwamba anayejaza karatasi hiyo si mpita njia yeyote, ni mtu aliyekwisha kujishuku, na kwa hivyo hesabu yake ni nafuu kuliko hiyo. Lakini mtu mwenye hofu nyingi naye hujishuku. Mwenye majonzi ya siku nyingi asiyetaka kuonana na watu naye hujishuku, naye pia hupata alama za juu. (Na miongoni mwa maswali hayo 50 kuna lile linalotaka kujua kama wapenda zaidi kwenda thieta au makumbusho. Mvuvi wa Faza na ajibu apendavyo.)

Ama yale ya kwenye simu, hayo ndiyo hafifu zaidi. Utafiti wa Marekani uliotolewa 2023 ulizitazama video za TikTok zinazotoa maelezo juu ya usonji, ukakuta asilimia 27 tu ndizo zilizokuwa sahihi. Asilimia 41 zilikuwa na makosa, na zilizobaki zilichukua jambo la watu wachache zikalifanya la wote. Mtu anayejijua kwa chombo kama hicho hajajijua bado, ameambiwa tu.

Nitoe mfano wa karibu. Sote twamfahamu mtu wa waswasi, yule arudiaye udhu mara kumi hata jamaa wakasali wakamaliza, naye bado yuko kwenye birika. Kwa mbali, kurudiarudia huko kwafanana na kurudiarudia kwa mwenye usonji. Lakini mwenye usonji aghalabu hupata raha katika utaratibu wake, hali mwenye waswasi huteswa nao, angependa kuuacha asiweze. Jambo lake lina tiba, ya mazungumzo na ya dawa, na watu hupona au hupata nafuu kubwa. Akijiita mwenye usonji, akasema "ndivyo nilivyoumbwa", atakaa na mateso ambayo yangeweza kuondoka. Hapo ndipo ilipo hatari ya kujipima mwenyewe: jina baya lililokosewa humvunjia mtu heshima, lakini jina zuri lililokosewa humfungia mlango wa dawa.

Sasa tuulize, huyo mtaalamu tunayesema aendewe yuko wapi? Hata Uingereza, nchi ya hospitali za bure, orodha ya wangojao kutazamwa kwa shuku ya usonji ilipita watu 200,000 mwaka 2024, na hali mwongozo wao wenyewe wataka mtu aanze kutazamwa ndani ya miezi mitatu. Hapa Kenya madaktari wa akili ni wachache na wengi wao wako Nairobi. Walio na ujuzi wa kumpima mtu mzima ambaye hakutambuliwa utotoni ni wachache zaidi. Kumwambia kijana wa Kizingitini "nenda ukapimwe" ni kumwambia apande mashua, kisha basi, kisha alipe fedha ambazo hana, ili aulizwe maswali kwa lugha asiyoiwazia.

Na vipimo vyenyewe vimekatwa kwa mwili wa mtu mwingine. Kimojawapo cha vile vinavyotegemewa sana duniani humtaka mtoto mdogo aigize sherehe ya kuzaliwa ya mwanasesere, na keki ya bandia, na mishumaa ya kupulizwa. Mtoto wa Siyu ambaye hajaona keki ya mishumaa ataonekana hajui kucheza. Vipimo hivyo huhesabu pia kama mtu hutazama machoni, na sisi tumefunzwa na mama zetu kutomkodolea mkubwa macho. Kazi ya kutengeneza vipimo vya hapa hapa imeanza: watafiti wa Kilifi, akiwamo Profesa Amina Abubakar, walichapisha mwaka 2008 kipimo cha ukuaji wa watoto wadogo kinachobeba jina la Kilifi, kilichotengenezwa kwa watoto wa huku. Hicho si cha usonji, lakini ndiyo njia ya kufuatwa.

Basi hukumu yangu ni ipi? Naitoa kwa mfano ambao kila msomaji wa pwani ameugombea angalau mara moja, nao ni wa mwezi mwandamo. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu, mtu aliyeuona mwezi wa Ramadhani kwa macho yake, na ushahidi wake ukakataliwa, yeye mwenyewe hana budi kufunga, kwani ameuona. Lakini mji haufungi kwa ushahidi uliokataliwa. Na akiuona peke yake wa Shawwal atafungua, ila kwa siri, asije akaleta fitina. Mtu mzima aliyejiona usonji nafsini mwake nampa daraja hiyo. Na afuate alichokiona katika maisha yake mwenyewe. Kama kelele za vipaza sauti harusini humuumiza, na atoke nje. Kama siku yake huharibika ikigeuzwa ghafla, na awaombe watu wa nyumbani wamwambie mapema. Hakuna cheti kinachohitajika ili mtu aombe redio ipunguzwe sauti, na nduguze wasimcheke. Faida kubwa ya kujitambua ndiyo hiyo, na hakuna daktari anayeweza kuikataza.

Lakini kutangazia mji ni jambo jingine. Anayetaka kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, au haki nyingine zilizomo katika sheria mpya ya watu wenye ulemavu ya 2025, atapimwa, na ni haki apimwe. Anayetaka kuwafunza wengine mitandaoni usonji ni nini kwa sababu yeye amejiona anao, huyo namwomba angoje. Mzazi ambaye mtoto wake hasemi, hujipiga kichwa ukutani na hajui hatari ya barabara, hufadhaika akisikia usonji ukielezwa kana kwamba ni kuchoshwa na wageni tu. Tusimfanye mzazi huyo aonekane mwongo.

Na kuna mahali ambapo sikubali kabisa, nako ni kwa watoto. Mtu mzima hujipima nafsi yake. Mtoto hupimwa na wengine, na sisi wengine tumekuwa tukiwapima watoto kwa macho tangu zamani. Watafiti wakiongozwa na Joseph Gona waliwauliza wazazi na wataalamu wa Kilifi na Mombasa, wakatoa matokeo yao 2015. Walitajiwa mashetani, uchawi na laana, na papo hapo walitajiwa maradhi, matatizo ya uzazi na mambo ya kurithi, na familia hiyo hiyo moja yaweza kuwa imekwenda kwa mganga, kwa maombi na hospitali. Simlaumu mzazi anayemnywesha mwanawe kombe. Hilo halimdhuru mtoto. Linalomdhuru ni kwamba baada ya kombe hapatokei kingine. Na sasa badala ya kusema "ana shetani", shangazi aliyetazama video mbili atasema "ana usonji", kisha watu watakaa vile vile kama walivyokaa kwanza.

Mtoto wa miaka miwili asiyegeuka akiitwa jina lake huenda ana usonji. Huenda pia hasikii. Homa ya uti wa mgongo na manjano kali ya siku za kwanza huweza kuua masikio, na mtoto kiziwi asiyejulikana kuwa kiziwi hukaa peke yake, hakasiriki ila kwa kelele, hasemi. Kifafa kisicho cha kuanguka nacho humfanya mtoto akodoe macho asisikie kitu kwa muda. Mambo haya hutambulika kwa vipimo vya masikio na vya ubongo, na kila mwezi upitao bila ya kutambulika ni mwezi wa lugha uliopotea. Kwa hivyo kwa mtoto mimi niko pamoja na madaktari moja kwa moja: masikio kwanza, kisha mengine. Vile vituo vya kuwapima watoto kwa ajili ya elimu, ambavyo serikali ilianza kuviweka 1984, vipo katika kaunti zetu, na mzazi ana haki ya kubisha mlango. Vikiwa havina watu wala vifaa, hilo ndilo la kuwapigia kelele wajumbe wetu wa kaunti, badala ya kugombana na vijana juu ya simu zao.

Najua liko linalowazuia wengi, nalo ni posa. Familia huogopa kwamba jina hili likitoka nje, si mtoto huyo tu, hata dada zake hawatachumbiwa. Kwa ajili ya hofu hiyo watoto wamefichwa vyumba vya ndani, na watu wazima waliojitambua wananyamaza. Usonji kwa kiasi kikubwa ni wa kurithi, hilo ni kweli, na haifai kudanganyana. Lakini ukitazama vizuri katika ukoo unaoogopa kusemwa utamkuta babu aliyejua kila jahazi lililoingia bandarini na jina la nahodha wake, asiyependa kuguswa, aliyekula chakula kile kile miaka 30. Alioa, akazaa, akazikwa na watu wengi. Hakuna aliyemwita chochote ila "mzee yule na mambo yake".

Neno la mwisho ni kwa yule aliyejiona na akaamua kwenda kupimwa. Daktari hatatosheka na hali yako ya leo. Atauliza ulivyokuwa ukiwa mdogo, maana usonji haumwanzi mtu ukubwani. Hayo wewe huyakumbuki. Anayeyakumbuka ni mama, au nyanya, au mama mdogo aliyekulea. Mwendee sasa angali na kumbukumbu zake, usimtajie usonji wala simu, muulize tu: nilianza kusema lini, nilikuwa nikicheza na nani, nilikuwa nikifanya nini tarumbeta zikipita mtaani? Atacheka, atakueleza jinsi ulivyokuwa ukipanga viatu vya wageni mlangoni kwa urefu wake, na ulivyolia mtu alipovivuruga. Andika, na tarehe utie.